Kabla ya Kuuliza "Ni Dhambi?": Stori ya Fadhila Kutoka Kajiado

Kila wiki napokea meseji za aina moja. Kubeti ni dhambi? Kuweka dredi ni dhambi? Kuishi na mpenzi wako kabla ya harusi je, kama mshaenda kwao na mkapeleka kitu kidogo? Kuna msee aliniuliza kama ni dhambi kutumia waifai ya jirani ambaye hajawahi kubadilisha neno la siri, na aliuliza akimaanisha kabisa.

Siwacheki. Hivyo ndivyo wengi wetu tulilelewa: ukristo ni orodha. Upande huu kuna vitu vya kufanya, upande ule vya kutofanya, na katikati kuna sisi tunatafuta mwanya. Lakini nimekuwa nikisoma historia ya hii maneno, na kitu kimoja kimenishangaza. Kwa muda mrefu sana walimu wakubwa wa kanisa hawakuanza na swali la "ni dhambi?" Walianza na lingine: kwa hiki unachokifanya kila siku, unageuka kuwa mtu wa aina gani? Na nikikaa hapa Kitengela, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai juzi tu, nagundua kwamba wenye ardhi hii walikuwa wakiuliza swali hilohilo kabla mmisionari wa kwanza hajafika.

Wacha nianze mbali kidogo, halafu nirudi Kajiado.

Wagiriki, hasa Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, walisema wema ni kama ufundi. Huwi fundi wa viatu kwa kusoma sheria za viatu. Unashona, unaharibu, unashona tena, mpaka mkono unajua wenyewe. Ujasiri nao ni hivyo, na ukweli, na kiasi. Wakristo wa mwanzo walilichukua wazo hilo na kulibatiza. Ambrose, askofu wa Milan, ndiye aliyeziita fadhila nne, yaani busara, haki, ujasiri na kiasi, kwa jina linalotokana na neno la Kilatini la bawaba. Ile bawaba ya mlango. Mlango unaweza kuwa wa mbao nzuri namna gani, ila bila bawaba ni ubao tu umeegemezwa ukutani. Juu ya hizo nne wakaweka tatu za Paulo: imani, tumaini na upendo.

Halafu akaja Thomas Aquinas, mtawa wa Italia aliyekufa mwaka 1274 kabla hajafika hata miaka hamsini. Kitabu chake kikubwa cha teolojia kina sehemu ndefu sana ya maadili, na hakuipanga kwa Amri Kumi. Aliipanga kwa zile fadhila saba. Amri zipo, anazitaja chini ya fadhila husika, lakini nguzo za nyumba ni fadhila. Kwake sheria ni mwalimu mzuri. Lengo ni mwanafunzi afike mahali ambapo wema unamtoka bila kusukumwa, na tena unampa raha.

Sasa orodha ilitoka wapi? Kwa kiasi kikubwa ilitoka kwenye kitubio. Tangu mwaka 1215 kila Mkatoliki alitakiwa kuungama angalau mara moja kwa mwaka, na baada ya Mtaguso wa Trento, karne ya 16, mapadre walifundishwa kwenye seminari kwa vitabu vya kuwasaidia kupima dhambi: hii ni kubwa, hii ni ndogo, hii inategemea. Vitabu hivyo vilipangwa kwa amri. Vilikuwa na kazi yake, kama vile daktari anavyohitaji orodha ya magonjwa. Shida ni kwamba polepole watu wakaanza kudhani afya ni kutokuwa kwenye hiyo orodha. Waprotestanti nao walikuwa na orodha zao: pombe, ngoma, tumbaku, wake wengi. Na huo ndio ukristo uliopanda meli kuja kwetu.

Kajiado ukristo huo ulikuta nini? Ulikuta watu wenye shule ya tabia tayari, ila shule yenyewe haikuwa na jengo.

Neno la kwanza ni enkanyit. Watu hulitafsiri kuwa heshima, lakini heshima kwetu mtaani imebaki kitu cha kudaiwa, "nipe heshima yangu." Enkanyit ni kitu unachokuwa nacho. Hata leo ukienda ndani ndani ya Kajiado, mtoto akikutana na mzee anainamisha kichwa, mzee anakigusa kwa kiganja. Sekunde mbili, mara kadhaa kwa siku, kwa miaka yote ya utoto. Hakuna aliyemkalisha mtoto akamfafanulia unyenyekevu ni nini. Shingo yake imeujua kabla ya akili.

Morani naye hakuruhusiwa kula peke yake. Hata akiwa na njaa namna gani, anatafuta wa rika lake. Fikiria hiyo kama zoezi la kiasi. Hakuambiwa "uchoyo ni dhambi." Aliwekwa katika hali ambayo, kwa miaka, njaa yake haingeweza kutulizwa bila mwenzake. Ukitoka hapo ukiwa mzee, kula peke yako kunakukwama kooni. Aristotle angesoma hayo akatabasamu.

Na waliolea marika hayo hawakuwa baba zao. Kila rika jipya lilikabidhiwa kwa wazee wa rika lililo mbili juu yake, walioitwa olpiron, kwa jina la kile kijiti cha kupekechea moto. Wao ndio waliowawashia moto vijana, na wao ndio walikuwa na uwezo wa kuwabariki au kuwalaani. Ukiharibu, mwenye aibu si wewe pekee, ni aliyekuwashia.

Kisha kuna osotua, neno ninalolipenda kuliko yote. Maana yake ya kwanza ni kitovu, ule uzi wa mama na mtoto. Maana yake ya pili ni uhusiano kati ya watu wawili waliopeana kitu. Wasomi waliochunguza uhusiano huu wameeleza jinsi unavyofanya kazi. Unaomba tu ukiwa na shida ya kweli. Unaomba kiasi cha shida yako, si zaidi. Mwenzako anatoa kama anacho. Na hakuna anayeweka hesabu: deni ni kitu kingine kabisa, lina neno lake, na ukichanganya hivyo viwili umemtukana mtu. Ukame ukipiga kwako, ng'ombe wa kwangu wapo. Ukipiga kwangu, wa kwako wapo.

Biblia ilipotafsiriwa katika Kimaa, watafsiri walihitaji neno la agano. Wakachagua osotua. Kwa hiyo Agano Jipya la Wamaasai ni Osotua Ng'ejuk, Kitovu Kipya ukitaka kulivunja hivyo. Manze, tuliza hapo kidogo. Wamisionari walikuja kufundisha wema, na walipotafuta neno la kubeba kitu kizito kuliko vyote walivyokuja navyo, walilikuta kwenye mambo ya kupeana mbuzi.

Hapo ndipo mjadala mmoja wa zamani unarudi. Agostino, Mwafrika mwenzetu kutoka Thagaste, Algeria ya leo, alikuwa mkali: fadhila ya mtu asiyemjua Mungu ina hatari ya kuwa majivuno yaliyovaa nguo nzuri. Aquinas alikuwa mpole zaidi. Alisema fadhila mtu anazojijengea kwa mazoea ni za kweli, ingawa hazijakamilika mpaka upendo wa Mungu uingie. Tofauti hii ya wanazuoni wawili waliokufa zamani inaonekana ya vitabuni tu, lakini kwa mmisionari anayeshuka kwenye Land Rover mbele ya manyatta ilikuwa kila kitu. Ukiwa upande wa Agostino, unakuja kufuta. Ukiwa upande wa Aquinas, unakuja kumalizia.

Kisa ninachokijua vizuri kuhusu hili kilitokea upande wa pili wa mpaka. Mpaka wenyewe, mnajua, ulichorwa na wakoloni katikati ya Wamaasai bila kuwauliza, kwa hiyo sioni shida kuvuka Namanga. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa misheni ya Loliondo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake barua ya ukweli mchungu: tuna shule, tuna hospitali, tunapendwa, na baada ya miaka saba hatuna Wakristo Wamaasai watu wazima. Akaomba aende tu bomani, aongee nao kuhusu Mungu, bila kuahidi shule wala dawa.

Katika boma moja alifundisha karibu mwaka mzima. Siku za ubatizo zilipokaribia, akaanza kuchambua kama mwalimu anayesoma matokeo: huyu mzee alikosa vipindi vingi, yule mama haonekani kuamini sana, kijana huyu hakuelewa, kwa hiyo hawa wabaki. Mzee mmoja, Ndangoya, akamkatiza. Akamuuliza kwa nini anataka kuwatenganisha. Akamweleza kwamba usiku, padre akiwa ameenda, walikuwa wakizungumza wenyewe. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, wasioelewa wakasaidiwa na wenye akili, wenye imani ndogo wakabebwa na wenye imani kubwa. Hakuwa akisema "ninaamini." Alikuwa akisema tunaamini. Donovan akawabatiza wote, na mwaka 1978 akaandika kitabu kinachosomwa mpaka leo.

Padre alikuwa na orodha ya kuhudhuria. Mzee alikuwa na olpiron kichwani. Ni nani alikuwa karibu na Aquinas?

Lakini subiri. Najua tayari kuna mtu anaandika, "Kwa hiyo unatuambia turudi mila?" Hapana, na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu shule hiyohiyo ya tabia ilikuwa na kisu.

Kwa Wamaasai, kama kwa jamii zingine kadhaa za Kenya, ujasiri wa msichana ulipimwa siku ya kukeketwa. Usilie, usipepese jicho. Ilikuwa ni fadhila kwa maana ya shule ile: imezoeshwa, imesifiwa, imebebwa na jamii nzima. Na ilikuwa inaumiza watoto. Ukiniuliza udhaifu mkubwa wa maadili ya fadhila ni upi, ni huo. Jamii inaweza kukufundisha ubaya kwa njia ileile inayokufundisha wema, na utajisikia mtu mwema kabisa ukiutenda.

Kanisa lilishughulikaje? Mara ya kwanza, kwa orodha. Mwaka 1929, hasa kwa Wakikuyu, misheni kadhaa ikiwemo Africa Inland Mission zilidai waumini wakane ukeketaji, wengine kwa kuweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi, kirore. Watu wakahama makanisa kwa wingi, wakaanzisha shule na makanisa yao huru, na kisu kikageuka kuwa alama ya kumpinga mzungu. Kitu wamisionari walichokikataza kilikuwa kibaya kweli. Mimi siwatetei wenye kisu hata kidogo. Ila karatasi haikumpa mtu yeyote nguvu ya kukataa nyumbani kwake, mbele ya nyanya yake.

Sasa ruka miaka sitini hivi mbele, mpaka Kajiado mjini. Pale kuna shule ya wasichana ya Africa Inland Church, iliyoanzishwa mwaka 1959. Mwalimu mkuu wake, Priscilla Nangurai, Mmaasai mwenyewe, alianza kupokea wasichana waliokuwa wametoroka kukeketwa na kuozwa wakiwa watoto. Alikuwa akilaumiwa na baadhi ya wazazi, akiwapa vitanda, akiwasomesha, na baadaye akijaribu kuwapatanisha na familia zao. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Hakuwakata na jamii yao. Alijaribu kufunga tena uzi.

Na wasichana wenyewe! Mtoto wa miaka kumi na miwili anaondoka usiku, anatembea kwenye mbuga yenye fisi, kwenda kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumwona. Aquinas anasema kitu kuhusu ujasiri ambacho kilinigeuza kichwa: tendo lake kuu si kushambulia, ni kuvumilia, kusimama palepale kwenye jambo jema ukiwa unaogopa. Tena ujasiri bila haki wala busara hauhesabu, kwa sababu hata jambazi ana ujasiri. Msichana aliyefundishwa kutopepesa jicho mbele ya kisu alichukua mafunzo hayohayo, akayaelekeza kwenye haki. Hakuutoa ujasiri wake Ulaya. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa 2011, na ninafurahi ipo. Lakini wapo waliokuwa wameshatembea kabla yake.

Basi turudi Kitengela, ambapo naandikia hii.

Ranchi ya pamoja ya hapa iligawanywa miaka ya 1980 ikielekea mwisho. Viwanda vya EPZ vikaja Athi River, watu wakafuata kazi, ploti zikauzwa, nyaya zikafungwa, nyumu na pundamilia wakabaki wakitafuta njia. Leo jengo langu pekee lina watu kutoka karibu pande zote za nchi, na hakuna aliyewashiwa moto na mzee wa mwenzake. Tuna makanisa kila kona, mengine yamepakana ukuta kwa ukuta na spika zinashindana. Tuna mahubiri ya kutosha. Tunachokosa ni wale wa rika mbili juu, wanaoona aibu sisi tukiharibika.

Mwaka 2024 tulijifunza ujasiri kwa haraka, barabarani, kwenye moshi. Ulikuwa wa kweli. Lakini nikikumbuka ule mwaka, kinachonirudia zaidi ni Agosti 19, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walipotekwa hapa Kitengela, na familia zao zikakaa siku 32 bila kujua kama wako hai. Kuvumilia ndiko huko. Hakuna picha yake nzuri ya kuposti.

Mwaka huohuo pia vijana waliwaambia makanisa wazi: wacheni kuwapa wanasiasa mimbari. Novemba, Rais alitoa pesa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, kwa kwaya na kwa nyumba ya padre, na kuahidi zaidi pamoja na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza pesa zirudishwe. Mtandaoni watu waligawanyika, na wengi waliokasirika walikuwa na hoja ya orodha: ni amri gani imevunjwa? Mtu kutoa kanisani ni dhambi tangu lini? Si wahenga walisema mkono mtupu haulambwi?

Ukiuliza kwa orodha, kweli hutapata kitu. Uliza kwa osotua sasa. Aliomba nani? Shida ilikuwa ipi, na kiasi kililingana na shida? Je, kuna hesabu inayowekwa mahali, itakayokuja kudaiwa 2027? Kama ipo, basi hiyo haikuwa zawadi, lilikuwa deni lililofungwa utepe. Na uliza kwa Aquinas: kwaya iliyozoea kuimba vizuri zaidi gari fulani likiingia, baada ya miaka kumi ni kwaya ya aina gani?

Sijui kama pesa zilizorudishwa zilibadilisha chochote. Harambee zinaendelea, na mimi mwenyewe nina kadi mbili kwenye droo. Ila nimeanza kuangalia vitu vidogo hapa kwenye ploti. Jirani wa chini, mama wa watoto watatu anayefua nguo za watu, alibisha jioni moja mwisho wa mwezi akaomba unga. Nilikuwa na pakiti mbili za kilo mbili, nikampa moja. Akaifungua palepale mlangoni, akapima kwa kikombe cha watoto vikombe vitatu kwenye sufuria yake, akafunga pakiti vizuri na kunirudishia iliyobaki. Akasema vinatosha ya leo, kesho kuna kazi.